Kitenzi "read" na Kazi ya Mhakiki

Imezoeleka katika uhakiki wa Kiswahili kusema "usomaji wa shairi" kwa maana ya fasiri anayoitoa mhakiki. Matumizi haya yanafuata kitenzi cha Kiingereza "read", nacho hakina budi kuchunguzwa kihistoria kabla ya kuigwa.

Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hicho kilikuwa "rædan". Maana zake zilikuwa kushauri, kutawala, kukisia, na kufumbua ndoto au fumbo. Kusoma maandishi kulikuwa maana mojawapo tu. Kijerumani kimehifadhi "raten" kwa kushauri na kukisia, bali kwa kusoma hutumia "lesen", ambacho maana yake ya awali ni kukusanya. Mfalme Æthelred, aliyerithi ufalme mwaka 978 na kufa mwaka 1016, alikuwa na jina lenye maana ya "shauri bora". Waliokuja baadaye wakamkejeli kwa lakabu ya "Unræd", yaani shauri baya. Neno "riddle", kitendawili, nalo limetokana na shina hilo hilo. Kwa hiyo, katika lugha hiyo kusoma na kufumbua vilikuwa tendo la jina moja. Mswada wa Exeter wa karne ya 10 una vitendawili vya kishairi zaidi ya 90, wala majibu hayakuandikwa humo. Wataalamu wangali wanabishana.

Kitenzi "soma" kina historia nyingine. Chuoni mtoto husoma Kurani kwa sauti kabla ya kuielewa. Shuleni husoma ili afaulu. Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomaji: "abasomi" kwa Kiganda, "athomi" kwa Kikuyu. Kitenzi hiki kimebeba sauti, elimu na hadhi. Kufumbua si sehemu yake ya lazima, kwani kazi hiyo tumeipa kitenzi chake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, yaliyokuja kukusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, yatosha kuwa mfano. Anayezitamka beti zake za kisiasa pasi na kujua ugomvi wa Wamazrui na Seyyid Said amezisoma, lakini hajazifumbua.

Suala hili si la msamiati tu. Mwanafunzi anayeambiwa "soma shairi hili", naye akasimulia upya yaliyomo, ametii kitenzi alichopewa. Tukitaka uhakiki, yafaa tumwambie afumbue.

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba "fumbua" hudai jibu moja, kama kitendawili kilichokwisha kuteguliwa. Vitendawili vya Exeter vyaonyesha kinyume chake: fumbo laweza kufumbuliwa zaidi ya mara moja, mradi kila mfumbuaji alete ushahidi kutoka katika maneno ya shairi na historia yake. Huo ndio uhakiki, na jina lake tunalo.