Ushahidi wa Herufi: Helvetica, Arial na Umri wa Ukurasa

Mwanahistoria anapokabidhiwa waraka wenye tarehe inayotiliwa shaka, aghalabu huchunguza kwanza karatasi, wino na mihuri. Umbo la herufi za chapa hupuuzwa, ilhali nalo ni shahidi.

Helvetica ilichorwa na Max Miedinger kwa maelekezo ya Eduard Hoffmann huko Uswisi. Ilitolewa mwaka 1957 kwa jina la Neue Haas Grotesk, ikabadilishwa jina mwaka 1960. Arial ilibuniwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype, ikaenea baada ya kuingizwa katika Windows 3.1 mwaka 1992. Arial ya kompyuta ina upana wa herufi uleule wa Helvetica, hata mistari hukatika mahali palepale. Ndiyo maana anayetazama ukurasa mzima hupotea. Sharti itazamwe herufi moja moja.

Kilele cha t ya Helvetica kimekatwa mlalo. Cha Arial kimekatwa mshazari. Mguu wa R ya Helvetica hushuka karibu wima, wa Arial hutanuka kwa mshazari. G ya Helvetica ina kijino chini, nayo ya Arial haina. Ulinganisho wa chapa hizi mbili mara nyingi hutaja hizo R na G. Katika barua fupi ya Kiswahili herufi hizo kubwa huenda zisipatikane kabisa. Kwa msomi wa nyaraka za Kiswahili, shahidi mkuu ni a ndogo, inayojitokeza kwa wingi kuliko herufi zote: ya Helvetica ina mkia mdogo chini kulia, ya Arial haina. Hata kipande cha ukurasa huwa nazo kwa makumi, jambo lenye manufaa, kwani nakala iliyorudufiwa mara nyingi huufuta mkia huo hapa na pale.

Basi hati ya kiwanja yenye tarehe ya 1974 na herufi za Arial haikuchapwa mwaka huo. Je, ni ya kughushi? La hasha, si lazima. Huenda karani aliinakili upya kwa nia njema. Tena, kompyuta isiyo na Helvetica huweza kuweka Arial badala yake pasipo kumwarifu mtumiaji. Herufi hutaja umri wa ukurasa. Umri wa maneno hutafutwa kwingine, katika rejista na kwa mashahidi.