Je, Ni Vibaya Kuigeuza Picha ya Gernika?

Wako watu wanaokasirika waonapo picha maarufu ya vita imechorwa upya na mtu mwingine, ikatiwa sura za watu wa siku hizi, kisha ikabandikwa ukutani au ikachapwa katika gazeti. Husema: «Kilio cha wafu si mchezo. Kukigeuza ni utovu wa adabu.» Neno hilo lina uzito, nasi tusilipuuze. Lakini kabla ya kuhukumu, tuone kwanza picha ya namna hiyo hutoka wapi na ina kazi gani. Tuchukue ile inayojulikana kuliko zote, yaani picha ya Gernika.

Gernika ni mji mdogo wa Wabaski, kaskazini ya Hispania. Siku ya Jumatatu, tarehe 26 Aprili 1937, ilikuwa siku ya soko. Wakati ule Wahispania walikuwa wakipigana wao kwa wao. Mnamo saa kumi na nusu alasiri, ndege za Wajerumani na za Waitalia, zilizomsaidia Jemadari Franco, zilianza kuangusha mabomu, zikaendelea kwa muda wa saa tatu na zaidi. Mji ukateketea. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hata leo.

Baada ya moto, ukaja uongo. Watu wa Franco walitangaza kwamba Wabaski wenyewe wamechoma mji wao. Lakini George Steer, mwandishi wa gazeti la London liitwalo The Times, alifika usiku uleule, akaandika aliyoyaona. Tena padri mmoja wa Kibaski, Alberto Onaindía, aliyekuwapo mabomu yalipoanguka, alikwenda Paris akashuhudia.

Huko Paris alikaa mchoraji Mhispania, Pablo Picasso. Serikali ya Jamhuri ya Hispania ilikuwa imemwomba picha kubwa kwa ajili ya banda lake katika Maonyesho ya mwaka ule. Alianza tarehe 1 Mei, akamaliza mwanzoni mwa Juni. Picha ina upana wa karibu meta 8 na kimo cha meta 3 na nusu, nayo ni ya rangi nyeusi, nyeupe na ya kijivu tu. Mama analia, mtoto wake amekufa mikononi mwake; ukimtazama humkosi kumkumbuka Mama Maria chini ya msalaba. Farasi amechomwa, askari ameanguka na upanga uliovunjika. Lakini angalieni vema: hamna ndege hata moja, wala bendera. Picasso hakuweka alama ya taifa lolote. Kwa hiyo kila mtu aliyefiwa na watu wake vitani aweza kuwaona humo.

Tena Picasso mwenyewe hakuogopa kugeuza kazi za wengine. Mwaka 1814 Mhispania Goya alichora askari wa Napoleon wakiwapiga risasi watu wa Madrid, kama ilivyotukia tarehe 3 Mei 1808. Mtu mmoja mwenye shati jeupe ameinua mikono yote miwili, na katika kiganja chake kuna alama kama jeraha la msumari. Baadaye Mfaransa Manet alifuata mpango ule ule kuchora kifo cha Maximilian, aliyepigwa risasi huko Meksiko mwaka 1867. Naye Picasso, mwaka 1951, akaufuata kuchora mauaji ya Korea: upande mmoja wanawake na watoto walio uchi, upande wa pili askari wenye silaha. Nani atasema kwamba hao walimtukana Goya? Waliuchukua ushuhuda wake, wakaupeleka mahali pengine palipomwagika damu.

Basi kumbe kugeuza si kosa kwa nafsi yake. Kosa liko wapi? Mwaka 1990 jeshi la Ujerumani liliitumia picha ya Gernika katika tangazo la kujisifia. Ni kweli, jeshi lile lilikuwa jipya, lilianzishwa mwaka 1955. Hata hivyo mwandishi Günter Grass, Mjerumani mwenzao, alilipinga, nasi twaona alikuwa na haki. Machozi ya waliopigwa hayafai kuwa pambo la jeshi la nchi iliyowapiga. Kuungama ni jambo jingine. Mwaka 1997 Rais Roman Herzog aliwaandikia watu wa Gernika waliosalia, akakiri wazi hatia ya marubani Wajerumani.

Na kuna jambo baya kuliko kugeuza, nalo ni kuficha. Mwaka 1955 picha ile ilifumwa upya kwa nyuzi, kwa rangi za kahawia, na Picasso akikubali. Tangu mwaka 1985 kitambaa hicho kilitundikwa katika makao ya Umoja wa Mataifa, New York, mlangoni pa Baraza la Usalama. Februari 2003, wakubwa walipokuja kusema habari za vita vya Iraki, kilifunikwa kwa pazia la buluu. Ilielezwa kwamba ni kwa ajili ya kamera za televisheni. Lakini watu wengi walijiuliza: anayetaka vita, mbona aogope kuonekana mbele ya mama anayelia?

Tukitaka kuhukumu kwa haki, basi, tuulize hivi: katika picha mpya wafu wangali wanaonekana? Yule mwuaji anatajwa, ama anafichwa? Amri ya nane yakataza ushuhuda wa uongo, na mchoraji naye ni shahidi. Akiyarudia maneno ya shahidi wa kwanza ili mauaji mengine yajulikane, ametenda vema, hata kama mkono wake si stadi. Lakini akiyatumia ili auze kitu au amsifu mwenye bunduki, amewaibia wafu.

Picha yenyewe ilikaa New York miaka mingi, ikarudi Hispania mwaka 1981. Sasa imo Madrid. Haijaletwa Gernika. Ila watu wa mji ule wameitengeneza upya kwa vigae, wakaiweka ukutani kando ya njia, na chini yake wameandika kwa Kibaski kwamba Gernika irudi Gernika. Wenye kufiwa wenyewe hawakuona aibu kuichora tena.