Pweza: jina moja, spishi mbili

Pweza (nm, ngeli ya A-WA; wingi: pweza) ni mnyama wa bahari asiye na mifupa, mwenye minyiri minane. Mfasiri wa matini inayohusu pwani ya Afrika Mashariki akiandika kando ya neno hili jina la kisayansi *Octopus vulgaris*, amekosea. Vitabu vya zamani vilidhani spishi hiyo imeenea bahari zote. Leo jina hilo, lililotolewa na Cuvier mwaka 1797, ni la pweza wa Mediterania na Atlantiki ya mashariki. Anayechokolewa mashimoni mwambani, maji yakupwapo, Unguja au Mafia, ni hasa *Octopus cyanea*, aliyeelezwa na Gray mwaka 1849, naye hupatikana hadi Hawaii.

Rangi haisaidii kuwatofautisha, kwani wote wawili huibadili kufumba na kufumbua. Itazamwe alama: *cyanea* ana doa jeusi mfano wa jicho kila upande, chini ya jicho halisi, penye mashina ya minyiri, *vulgaris* hana. Aidha, *cyanea* huwinda zaidi mchana, ndiyo maana Waingereza humwita kwa jina lenye maana ya “pweza wa mchana”. Tafsiri hiyo ya neno kwa neno haina haja: wavuvi husema pweza, basi.