Posho ya Mwanafunzi Anayetumikia

Kila mwaka masomo ya darasani yanapoisha, wanafunzi wa vyuo vya Tanzania huingia fildi. Anayesomea ustawi wa jamii hupeleka barua yake ya utambulisho halmashauri na kupewa kiti pembeni ya meza ya ofisa. Haupiti muda, yeye ndiye anayejaza daftari la mashauri ya matunzo ya watoto. Yeye ndiye anayewasikiliza akina mama waliokaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, na yeye ndiye anayetumwa kuangalia hali ya mzee anayeishi peke yake mtaa wa pili. Kazi ni ya kweli na wananchi wanaihitaji. Nauli ni juu yake, chakula cha mchana ni juu yake, na chumba alichopanga karibu na kituo ni juu yake pia.

Nani amgharamie kijana wa chuo anayekwenda kuwatumikia watu? Swali hili lina zaidi ya miaka 130, na kila kizazi kimelijibu kulingana na jinsi kilivyomtazama kijana mwenyewe: ni mtoto wa tajiri, ni maskini anayehangaika na ada, au ni mteule wa taifa mwenye deni.

Mwaka 1884 Samuel Barnett, kasisi wa Kianglikana, na mkewe Henrietta walifungua Toynbee Hall huko Whitechapel, mashariki mwa London. Vijana kutoka Oxford na Cambridge walihamia humo wakaishi jirani na makuli wa bandari na washona nguo, wakawafundisha masomo ya jioni na wao wakajifunza umaskini ulivyo. Jane Addams, Mmarekani, aliitembelea nyumba hiyo. Aliporudi kwao, yeye na Ellen Gates Starr walianzisha Hull House mwaka 1889 katika mtaa wa Halsted, Chicago, katikati ya wahamiaji waliojazana kwenye nyumba za kupanga. Mwaka 1893 mwenzao Florence Kelley aliongoza uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Waliandika asili na kipato cha kila kaya, kisha wakachora ramani za rangi zilizochapishwa mwaka 1895. Mwaka huohuo wa 1893 jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya viwanda, na Kelley akateuliwa kuwa mkaguzi mkuu.

Mchango wao ni mkubwa na hauna ubishi. Ila wakazi wa Hull House walijilipia chumba na chakula, na Addams mwenyewe alikuwa na urithi wa baba yake. Aliyepata nafasi ya kutumikia, na kwa hiyo ya kujifunza, ni yule ambaye nyumbani kwao hakuna aliyekuwa akisubiri mshahara wake. Binti wa mhamiaji aliyekuwa kiwandani alihudumiwa. Kuwa mtoa huduma hakungewezekana kwake bila kukosa mkate.

Wengine walikuwa wameanza njia tofauti. Chuo cha Berea, huko Kentucky, kiliacha kutoza ada mwaka 1892 na kumtaka kila mwanafunzi afanye kazi. Mwaka 1906 Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi waliopokezana darasa na kiwanda, na kiwandani walilipwa. Antioch, Ohio, ilifuata mwaka 1921 chini ya Arthur Morgan. Hapo wazo la kijana kujifunza kazini bila kulala njaa lilikuwa limeshakubalika, lakini lilihusu viwanda zaidi kuliko jamii.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ndio uliofungua mlango mkubwa. Juni 1935 Rais Franklin Roosevelt, mkewe Eleanor akimsukuma, aliunda National Youth Administration, shirika la serikali kuu la kuwasaidia vijana. Wanafunzi wa vyuo waliokuwa karibu kuacha masomo walipewa kazi za muda na malipo ya wastani wa dola 15 kwa mwezi. Fedha hizo zilitosha kumbakiza mtu chuoni. Arthur Miller, ambaye baadaye aliandika tamthilia ya Death of a Salesman, alizipata Chuo Kikuu cha Michigan kwa kulisha panya wa maabara. Richard Nixon alilipwa senti 35 kwa saa akifanya utafiti katika shule ya sheria ya Duke. Mary McLeod Bethune, mwana wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, aliongoza idara iliyohakikisha kuwa vijana weusi nao hawaachwi nje. Mpaka shirika linavunjwa mwaka 1943, zaidi ya wanafunzi milioni 2 wa sekondari na vyuo walikuwa wamepitia mikononi mwake.

Mkurugenzi wake wa jimbo la Texas alikuwa kijana wa miaka 26 aitwaye Lyndon Johnson. Huyu aliyajua mambo haya kwa kuyaishi. Alisoma chuo cha ualimu cha San Marcos huku akifanya kazi za usafi, na mwaka 1928 fedha zilipomwishia aliacha masomo kwa muda akaenda kufundisha watoto maskini wenye asili ya Mexico katika mji wa Cotulla. Alifundisha, akalipwa, akarudi kumaliza shahada. Kwa maoni yangu, hapo Cotulla ndipo sera nzima ya baadaye ilipozaliwa, kwa kuwa Johnson alitambua kwamba bila ule mshahara watoto wale wasingempata mwalimu huyo, wala yeye asingeipata elimu yake.

Alipokuwa rais, tarehe 20 Agosti 1964, Johnson alitia saini sheria ya kupambana na umaskini iliyoanzisha mpango wa Work-Study. Mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini angeruhusiwa kufanya kazi hadi saa 15 kwa wiki wakati wa masomo, ama chuoni ama katika taasisi ya umma au shirika lisilo la kibiashara. Mwanzoni serikali kuu ilibeba asilimia 90 ya malipo. Kwa hiyo zahanati ya mtaa, maktaba ya kijiji au ofisi ya msaada wa kisheria, ambazo zisingeweza kuajiri mtu, ziliweza kumpokea mwanafunzi kwa kuchangia sehemu ndogo tu. Mwaka 1966 jiji la New York, chini ya Meya John Lindsay, lilianzisha Urban Corps na kuanza kuwapeleka wanafunzi hao kwenye idara za jiji.

Wakati huohuo, huko Oak Ridge, Tennessee, Robert Sigmon na William Ramsay walikuwa wakiwaunganisha wanafunzi na vyama vya maendeleo vya mabonde ya mito midogo, katika eneo la mabwawa ya serikali. Mwanafunzi alipewa posho, akapewa tatizo halisi la wananchi, akawa na msimamizi upande wa jamii na mshauri upande wa chuo, na mwisho akaandika ripoti ambayo wenyeji wangeitumia. Sigmon na Ramsay ndio waliobuni jina la kujifunza kwa kutumikia jamii, na mwaka 1969 mkutano wa Atlanta ukalitangaza. Baadaye, mwaka 1979, Sigmon aliweka kanuni tatu ambazo hadi leo sijaona zilizozipita: wanaohudumiwa ndio waamue huduma ipi wanaitaka, huduma iwaache wakiwa na uwezo zaidi wa kujihudumia, na anayetumikia naye ni mwanafunzi mwenye sauti juu ya anachotakiwa kujifunza. Kanuni ya kwanza ilikuwa imehitajika kwa muda mrefu. Tangu Aprili 1968 kasisi na mwandishi Ivan Illich alikuwa amewakaripia vikali wanafunzi wa Kimarekani waliofika Mexico kutumikia vijiji ambavyo havikuwaita.

Turudi mwaka 1966, Urban Corps ilipoanza New York. Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgogoro juu ya jambo lilelile. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa Julai 1963 kwa kujitolea. Sasa serikali ilitaka wahitimu wa vyuo na kidato cha sita watumikie miaka miwili kwa lazima, na kwa miezi 18 ya kipindi hicho wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na mabango, mojawapo likidai kuwa heri wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na siku chache baadaye lilikuja Azimio la Arusha, na Machi 1967 Elimu ya Kujitegemea.

Katika ugomvi ule nasimama na Mwalimu. Wanafunzi wa wakati ule walikuwa wachache mno katika nchi ya wakulima. Walisomeshwa kwa kodi ya wakulima hao, na kazi yenye mshahara mnono ilikuwa ikiwasubiri kila mmoja. Asilimia 40 ya mshahara ule bado ilikuwa juu sana ya kipato cha mkulima wa pamba. Deni lilikuwepo na lilistahili kulipwa. Azimio la Musoma la 1974 liliendeleza fikra hiyohiyo kwa kumtaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu.

Shida yetu ni kwamba mwanafunzi alibadilika na jicho letu likabaki palepale. Serikali ilianza kumtaka achangie gharama za masomo yake. Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na ajira ya uhakika baada ya shahada ikatoweka. Mtoto wa yule mkulima wa pamba ndiye sasa yuko chuoni, na ndiye anayebana bumu lake ili sehemu ipande basi kwenda kwa mama. Kumwambia huyu kuwa ana deni kwa taifa na kwa hiyo atumikie kwa gharama yake ni kumpa hukumu ya mtu mwingine.

Marekani nayo iliteleza. Tangu miaka ya 1980, vyuo vilipoungana katika Campus Compact (1985) kuhimiza wanafunzi kujitolea, malipo ya fedha yaliachia nafasi alama za kozi. Saa nyingi za Work-Study ziliishia chuoni, kwenye mapokezi na mikahawa, mpaka Bunge likalazimika kuweka sharti: kuanzia 1994 asilimia 5 ya fedha hizo ziende kwenye huduma za jamii, na tangu mwaka 2000 asilimia 7. Mwaka 1997 serikali kuu ilikubali kubeba gharama yote ya wanafunzi waliofundisha watoto kusoma. Hata Ikulu ya nchi hiyo yenyewe ilianza kuwalipa wanafunzi wake wa mafunzo mwaka 2022 tu. Kabla ya hapo nafasi zile zilikuwa za wenye wazazi wa kuwapangia nyumba Washington, kama ilivyokuwa Hull House.

Kwetu fedha ya mafunzo kwa vitendo imo ndani ya mkopo, kwa aliyebahatika kupangiwa. Maana yake kijana anakopa ili aifanyie halmashauri kazi, kisha atakatwa mshahara kulipia wiki alizoitumikia. Asiyepata mkopo hutafuta kituo cha karibu na kwa ndugu yake hata kama si fani yake, na wilaya za pembezoni, zenye upungufu mkubwa wa maofisa ustawi, hubaki bila mtu. Madaktari tarajali wanalipwa na serikali wakati wa mafunzo yao, na hakuna anayesema malipo hayo yanawapunguzia uzalendo.

Wabunge na Bodi ya Mikopo wanaweza kuanza na hatua moja: kuitoa posho ya fildi kwenye mkopo na kuifanya ruzuku kwa kila mwanafunzi anayepangiwa ofisi ya umma au shirika la kijamii, na kuiongeza kwa anayekubali kwenda wilaya za mbali. Halmashauri zichangie sehemu ndogo, walau nauli na chakula cha mchana, ili nazo ziwe na sababu ya kumpa kijana kazi ya maana na msimamizi wa kumfuatilia. Mwombeni mbunge wenu alifikishe hili kwenye bajeti ijayo.