Mikono Minne ya Nataraja

Wasikilizaji, kusini mwa Bara Hindi, zamani za wafalme wa Chola, karne ya 10 hata ya 13, mafundi walisubu sanamu za shaba za Shiva, mungu wa Wahindu, akiwa Nataraja, yaani Mfalme wa Ngoma. Mikono yake ni minne, wala hapana uliowekwa bure. Wa kuume wa nyuma washika kigoma, ndiyo sauti ya kuumba. Wa kushoto washika moto, ndio mwisho wa ulimwengu. Wa tatu, kiganja wazi, wanena: Usiogope. Wa nne waonyesha mguu ulioinuliwa, kimbilio la waumini. Mguu wa pili wamkanyaga kibete, ndiye Ujinga. Lakini mtazameni: angali hai, ameinua kichwa. Mguu ukiondoka, atasimama.