Jua likipatwa, nchi ikiyumba: lugha ya anga na misukosuko ya jamii

Tarehe 1 Septemba 2016, kuelekea saa sita mchana, mwezi ulipita mbele ya jua na kuacha pete ya mwanga juu ya Rujewa, wilayani Mbarali. Pete ilidumu karibu dakika tatu. Hapa Singida haikuonekana, ila sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Siku hiyo hiyo Jeshi la Wananchi liliadhimisha miaka 52 tangu kuundwa. Na siku hiyo hiyo Chadema walikuwa wamepanga kuanza UKUTA, maandamano na mikutano ya nchi nzima ambayo polisi waliipiga marufuku.

Kwa mwenye kutafuta ishara, siku ilikuwa imejaa. Makala hii inaeleza kwa nini mambo ya nchi yanapotikisika watu huyasimulia kwa maneno ya juu angani, na wapi maneno hayo yanasaidia au yanapotosha.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Falaki ni hesabu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota. Ndiyo inayotoa kalenda. Unajimu ni kuusoma mwendo huo kama habari za watu: buruji 12, kuanzia Hamali hadi Hutu, kila moja na tabia zake na siku zake. Kwa Kiswahili unajimu umeingia hadi katika mazungumzo ya kawaida. Tunasema nyota ya fulani imeng'aa, imefifia, imechukuliwa, inahitaji kusafishwa. Mwanasiasa akishindwa kura za maoni, hatuulizi kwanza alihesabiwa vipi. Tunasema nyota yake imezima.

Lakini kwa mkulima wa Tanzania ya kati nyota zilikuwa kwanza kalenda. Kundi la nyota liitwalo Kilimia limebeba neno kulima ndani ya jina lake. Mwezi Novemba huchomoza mashariki giza linapoingia, wakati ambao mashamba ya uwele na mtama yanasubiri mvua za kwanza. Kufikia Mei hupotea machweo, na mvua zetu, ambazo ni za msimu mmoja tu, zimekwisha. Kilimia hakileti mvua. Kinasema ni wakati gani, basi.

Sasa tazama mwaka 1973. Tarehe 6 Novemba Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba utekelezaji ukamilike kabla ya mwisho wa 1976. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja karibu na shamba na malisho yake, zilihamishwa na kupangwa pamoja. Ukame ukaja katika miaka hiyo hiyo, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Kwa mkulima, kalenda mbili zilikuwa zimegongana: ile ya anga na ile ya serikali. Hapo mfano wa nyota unafanya kazi nzuri, kwa sababu unaonyesha kitu ambacho takwimu za vijiji vilivyosajiliwa hazionyeshi, yaani watu kupoteza wakati wao wenyewe.

Wahanzu wa wilaya ya Mkalama wana njia yao ya kusoma juu. Kirumi ndiko kulikokuwa kitovu cha utemi wao, na mvua huombewa chini ya viongozi wawili, mwanamume na mwanamke, wa ukoo wa Anyampanda. Tanganyika ilipofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, watemi walipoteza madaraka ya kiserikali, ila matambiko ya mvua yaliendelea. Mvua ikikosekana, swali halibaki kwenye mawingu. Huulizwa nini kimeharibika kati ya watu: nani kavunja mwiko, nani hapatani na nani. Mbingu inakuwa kioo cha kijiji.

Kioo hicho kina ubaya wake. Swali la "nini kimeharibika" likigeuka kuwa "nani kaharibu", na mpiga ramli akataja jina, mfano umekwisha na mtu yuko hatarini. Mara nyingi anayetajwa ni bibi kizee asiye na wa kumtetea. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli chonganishi, kama polisi wanavyoiita, nayo hudai kusoma yaliyofichika.

Kwenye siasa hatari ni ya namna nyingine. Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyejulikana Afrika Mashariki nzima hadi alipofariki Mei 2011, alitabiri kuelekea uchaguzi wa 2010 kwamba mwana-CCM atakayempinga Rais Kikwete ndani ya chama atakufa ghafla. Utabiri wa aina hiyo hauwezi kukosea kirahisi: asipojitokeza mtu, hakuna wa kufa. Ila ukishatamkwa, unaweza kumfanya mtu asijitokeze.

Hebu turudi kwenye neno lenyewe. Tunasema jua "limepatwa", na aliyelipata hatajwi. Kwa jua hakuna tatizo, tunajua ni mwezi. Tunapohamishia sarufi hiyo kwenye jamii, tukasema nchi imepatwa na kipindi kigumu, au nyota ya taifa imefifia, mtendaji anapotea. Aliyetoa amri haonekani, wala aliyefyatua risasi, wala aliyekaa kimya.

Tarehe 31 Agosti 2016, siku moja kabla, Freeman Mbowe alitangaza kuwa UKUTA umeahirishwa kwa mwezi mmoja, baada ya viongozi wa dini kuomba muda wa kutafuta maridhiano. Kesho yake jua likapatwa kwa wakati uliopigiwa hesabu miaka mingi kabla, bila kuombwa na mtu na bila uwezekano wa kuahirishwa.

Kupatwa kwingine kwa jua kwa umbo la pete, kutakakopita kusini mwa Tanzania, tayari kuna tarehe: 21 Mei 2031. Uchaguzi mkuu, ratiba ya kawaida ikifuatwa, utakuwa umepita miezi saba.