Kiti Kimeuzwa, Joto Limebaki kwa Muuzaji



Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuligusa swali ambalo kwa nje lina sura ya ufundi wa magari, lakini kwa ndani ni swali la kale la haki: je, mtu aliyekwisha kuuza kitu anaweza kuendelea kuyashikilia matumizi yake?

Mwezi Julai 2022 ilitangazwa kwamba kampuni ya BMW ya Ujerumani ilikuwa ikiwatoza wateja wa nchi kadhaa, Korea Kusini ikiwamo, takriban dola 18 za Marekani kwa mwezi ili viti vya mbele vya gari vipate kupasha joto. Nyaya za joto zilikuwa zimekwisha kuwekwa ndani ya viti tangu kiwandani. Kilichokosekana ni ruhusa tu, nayo ilikaa katika programu ya kompyuta ya gari. (Msomaji wa Tanga au Mombasa atacheka kusikia watu wakigombania joto la kiti, lakini baridi ya Ulaya si mzaha.) Kampuni ilijitetea kwamba mpango huo ulimfaa mteja ambaye hakulichagua joto siku ya kununua gari.

Penye kufuli hakukosi fundi. Wapo watu wa nje ya kampuni wanaouza namna ya kuifungua programu kwa bei nafuu. Mnamo Agosti 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walionyesha hadharani, huko Las Vegas, kwamba kwa kuuvuruga umeme unaoingia katika kompyuta ya gari la Tesla waliweza kufungua vitu vya kulipiwa, hata vipasha joto vya viti vya nyuma. Je, huu ni wizi?

Kabla ya kujibu, tunaomba turudi nyuma miaka zaidi ya mia saba, kwa sababu swali hili liliwahi kuwasumbua wanateolojia kabla hata gari halijawaziwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipoeleza kwa nini riba ni dhuluma, alivigawa vitu katika makundi mawili. Divai na ngano huisha kwa kutumiwa. Kwa hiyo anayeuza divai, kisha akadai malipo mengine kwa ajili ya kuinywa, anauza kitu kimoja mara mbili. Nyumba haiishi kwa kukaliwa. Kwa hiyo mwenyewe aweza kubaki na nyumba yake na kupangisha matumizi.

Muda mfupi baadaye utengano huo ulizua mgogoro ndani ya Kanisa lenyewe. Wafransisko walitaka kuishi bila kumiliki chochote, na mwaka 1279 Papa Nikola III aliwakubalia kwamba wao wanatumia tu, na umiliki ni wa Kanisa la Roma. Mwaka 1322 Papa Yohane XXII aliukataa mpango huo. Alisema kwamba katika vitu vinavyoisha kwa kutumiwa, mkate kwa mfano, matumizi hayatengwi na umiliki, na kwamba umiliki aliobakiziwa Papa ulikuwa jina tupu lisilo na faida yoyote. Mgogoro ulikuwa mkali hata mwaka 1328 Mikaeli wa Cesena, mkuu wa shirika, pamoja na William wa Ockham, walitoroka Avignon usiku. Kwa Wafransisko, mtu alikuwa na matumizi bila umiliki. Kwa mwenye gari wa leo mambo yamepinduka: ana umiliki, lakini matumizi yako kwa mwingine.

Tunakiri kwamba waya wa kiti hauishi kama divai. Unafanana zaidi na nyumba. Basi, kampuni haiwezi kuupangisha? Hapa ndipo tunapaswa kutazama kwa makini, kwa maana mwenye kupangisha ana alama zake. Sheria ya Kirumi ilisema kwamba kitu kikiharibika, hasara ni ya mwenyewe. Paa la nyumba ya kupanga likivuja, mwenye nyumba ndiye anayeezeka. Waya wa kiti ukikatika baada ya muda wa dhamana kupita, nani atalipa? Mnunuzi. Uzito wa waya huo unabebwa kwa mafuta ya nani? Ya mnunuzi. Mwenye kubeba hasara yote ndiye mwenye mali, hata mkataba ukisema vingine. Mnamo Septemba 2023 Pieter Nota, mkuu wa mauzo wa BMW, alieleza kwamba kampuni imeacha kutoza joto la viti, kwa kuwa wateja walijiona wanalipishwa mara mbili, ingawa yeye hakukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hatudhani wateja hao walimsoma Tomaso, lakini manung'uniko yao ni yale yale.

Mahakama nazo zimepita njia hiyo. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikatalia kampuni iliyotaka mashine zake za sinema zionyeshe filamu ilizoziruhusu yenyewe tu. Mwaka 2017 kampuni ya Lexmark, iliyouza vikasha vya wino vyenye kidude cha kuzuia visijazwe tena, iliambiwa na mahakama hiyo hiyo kwamba haki yake ya hataza huisha kitu kinapouzwa. Lakini majaji hawakuufuta mkataba kati ya muuzaji na mnunuzi wake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja makufuli ya programu imelegezwa kwa ajili ya kutengeneza na kubadili gari kihalali. Hata hivyo, ruhusa ya mwaka 2018 iliziacha nje programu zinazopatikana kwa malipo ya usajili wa pekee.

Sisi tunaona kwamba anayewasha waya alioununua hamwibii mtu waya, ila kama aliahidi, ahadi yake inamdai. Anayefungua ramani, taarifa za barabara au mawasiliano ambayo watu wengine wanayafanyia kazi kila siku, huyo anakula jasho la wengine. Mambo hayo mawili yasichanganywe.

Nguvu ya injini ni jambo la tatu, nalo ni zito zaidi. Mnamo 2020 kampuni ya Ingenext ya Quebec iliuza kifaa cha kuliongezea kasi gari la Tesla Model 3 kwa takriban dola 1,100, wakati Tesla yenyewe ilidai dola 2,000. Tesla ikabadilisha programu, na wenye kifaa wakaanza kuonywa na gari lao kwamba kuna hatari ya kuharibika. Barabarani hatuko peke yetu. Breki na magurudumu ya gari lililoongezwa kasi yanamhusu pia mtoto anayevuka barabara. Tena, Tesla hiyo hiyo, mnamo Septemba 2017, kimbunga Irma kilipoikaribia Florida, iliwafungulia wenye magari sehemu ya betri waliyokuwa hawajailipia, ili waweze kukimbia. Betri ilikuwamo garini muda wote.

Huku kwetu, magari mengi huja yametumika Japani, na betri ikitolewa redio nyingi hujifunga na kudai namba ya siri. Fundi anayeifungua hamdhulumu mtu, maana kufuli lile liliwekwa kwa ajili ya mwizi. Lakini magari ya kulipia kila mwezi nayo yatazeeka na kuuzwa. Atakayelipokea bandarini Dar es Salaam hataoneshwa na muuzaji ni kipi kililipiwa, ni kipi kilifunguliwa kwa siri, wala ni kipi kitazimika siku kampuni itakapobadilisha programu. Naye atakuwa amelipa bei ya gari zima.